Blenda Haijafa, Imeisha Kaboni

“Mama, hii mota imeshaungua. Chukua nyingine tu.”

Kijana aliyenitolea hukumu hiyo hakuishika blenda yangu hata dakika moja. Aliichomeka kwenye soketi, akabonyeza namba moja, akabonyeza namba mbili, ikakaa kimya, akaichomoa. Hakuifungua. Hakuinusa. Hakuuliza ilizimaje. Ilikuwa alasiri ya Ramadhani, nazi nne nimeshazivunja nyumbani zinanisubiri, na nyuma ya kijana yule ilipangwa rafu nzima ya blenda mpya, kila moja ndani ya boksi lenye picha ya matunda ambayo kwetu hayaoti. Nakiri nililipa. Mpya nikaikumbatia, ya zamani nikairudisha kwenye kikapu. Haikuwa hekima. Ulikuwa ubahili niliourithi kwa mama yangu, mtu wa Pangani, ambaye hata mfuniko uliopoteza sufuria yake hakuutupa.

Miezi miwili baadaye nilipita kwa mzee mmoja wa Mbagala anayetengeneza cherehani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaipindua blenda juu chini, akang’oa vile vipira vinne vya miguu, na chini yake zikaonekana skrubu ambazo mimi mwenye mali sikuwahi kujua kama zipo. Dakika kumi hazikupita. “Mwanangu, haijafa hii. Imeisha kaboni.” Akanitilia kiganjani vipande viwili vyeusi, kila kimoja kifupi kuliko punje ya harage. Kando yake akaweka viwili vipya, virefu mara tatu yake. Nikamlipa shilingi 5,000, kazi na spea. Huu ni mwaka wa nne, na blenda hiyo ndiyo iliyosaga ukwaju tuliounywa jana.

Ninayegombana naye hapa si kijana yule wa dukani. Yeye ana kodi ya fremu ya kulipa. Ninagombana na imani iliyomlea, imani ambayo majirani zangu wanayo, waume zetu wanayo, na kwa bahati mbaya hata mafundi wengi wanayo: kwamba blenda haitengenezwi. Feni inatengenezwa, redio inatengenezwa, pasi inatengenezwa, lakini blenda ikizima basi, imekwenda na maji. Watu huisema kauli hiyo kwa utulivu wa mtu anayesema machungwa huoza. Nami nasema ni uongo, na kila mara tunapouamini kuna mtu anauza blenda.

Tuanze na hizo kaboni zenyewe, maana watu wengi hubishana juu ya kitu ambacho hawajawahi kukiona. Mota za nyumbani si za kabila moja. Ya feni ya dari na ya friji hazina kaboni kabisa. Zinakwenda kwa mwendo unaotokana na mapigo ya umeme wenyewe. Umeme wetu hupiga mapigo 50 kwa sekunde, na mota ya namna hiyo ukiichomeka moja kwa moja haiwezi kuzunguka zaidi ya mara 3,000 kwa dakika, ufanye utakalo. Kwa feni huo ni mwendo wa kutosha na kuzidi. Kwa kisu kinachotakiwa kuvunja barafu na kulainisha nazi, 3,000 ni matembezi ya jioni. Kisu cha blenda kinataka mizunguko zaidi ya 10,000, na ndiyo maana watengenezaji huweka humo mota ya aina nyingine, ile yenye kelele, ambayo umeme wake hauishii kwenye koili za pembeni tu, unaingia hadi kwenye amecha inayozunguka katikati.

Sasa utaupelekaje umeme kwenye kitu kinachozunguka mara elfu kumi kwa dakika? Waya ukiufunga utajisokota na kukatika kabla hujapepesa jicho. Kwa hiyo mwishoni mwa amecha huwekwa pete ya shaba iliyokatwa vipande vipande kama keki, ambayo mafundi huiita komyuteta, na juu yake hukandamizwa vipande viwili vya kaboni kwa springi, kimoja huku na kimoja kule. Umeme huingia kwa kaboni hii na kutoka kwa ile. Pete inazunguka, kaboni zimekaa, na baina yao kuna msuguano usiokoma muda wote mashine inaponguruma.

Palipo na msuguano lazima kitu kilike. Swali ni kipi. Zamani za kwanza za mota, wahandisi walitumia vifungu vya nyaya za shaba vilivyofanana na brashi ya kupakia rangi, na jina la brashi limebaki hadi leo ingawa brashi yenyewe imeondoka. Shaba kwa shaba zikawa zinalana na kurusha cheche. Mwaka 1885 mhandisi wa Uskoti aliyeitwa George Forbes alipata hataza ya kutumia kaboni badala ya shaba. Kaboni ni laini, inajilainishia njia yenyewe, na inakubali kulika. Hapo ndipo penye kiini cha ugomvi wangu: kaboni iliwekwa pale ili ilike yenyewe, shaba ipone. Kulika kwake ndiyo kazi yake. Anayeitazama kaboni iliyoisha na kusema mashine imekufa ni sawa na anayeutazama utambi ulioungua na kusema jiko limekufa.

Wenye umri wangu wanakumbuka majiko ya mafuta ya taa, yale ya tambi kumi. Tambi zilipokuwa fupi na moto kuanza kutoa moshi, ulimtuma mtoto dukani akanunue tambi. Hakuna nyumba niliyoijua iliyotupa jiko. Angetokea muuza duka akasema “mama, jiko hili limekufa, chukua jingine,” angechekwa hadi afunge duka. Leo muuza duka anatuambia vilevile juu ya blenda, na tunatoa pochi.

Lakini hoja ambayo sijapata mtu wa kunijibu ni hii ya grenda. Nenda kwa mchomelea mageti yeyote hapo mtaani kwako. Grenda anayoishika ina mota ya aina ile ile iliyo ndani ya blenda yako: amecha ile, komyuteta ile, kaboni mbili na springi mbili. Drili ya seremala ni hiyo hiyo. Mota ndogo inayofungwa ubavuni mwa cherehani ni hiyo hiyo pia. Grenda ikipoteza nguvu na kuanza kurusha cheche matunduni, yule kijana hatangazi msiba. Anafungua vifuniko viwili vya plastiki ubavuni, anachomoa kaboni, anachomeka nyingine, anaendelea kukata bomba kabla chai yake haijapoa. Grenda nyingi huuzwa na jozi ya kaboni za akiba ndani ya boksi! Mtengenezaji mwenyewe anakwambia tangu siku ya kwanza: hizi zitaisha, shika nyingine.

Kwa nini basi boksi la blenda halina jozi ya akiba? Kwa nini blenda haina vifuniko viwili ubavuni, badala yake ina skrubu zilizofichwa chini ya vipira, tena baadhi zikiwa na vichwa vya pembe tatu ambavyo bisibisi ya kawaida haiingii? Wataniambia ni usalama, maji ya matunda yasipenye. Sawa, hoja hiyo ina uzito wake, maana blenda huishi pembeni ya maji na grenda haiishi huko. Ila haielezi kwa nini jozi ya akiba isiwekwe kwenye boksi, wala kwa nini kijitabu cha maelekezo kinachotufundisha mapishi ya supu ya karoti hakina hata mstari mmoja kuhusu kaboni. Mimi jibu langu ni hili: grenda inanunuliwa na mtu anayehesabiwa kuwa ana kazi, blenda inanunuliwa na mtu anayehesabiwa kuwa anapika tu. Chombo cha kwanza kinaitwa mtaji, cha pili kinaitwa pambo la jikoni. Wa karakana kaboni zikimwishia huenda dukani kununua kaboni. Wa jikoni kaboni zikimwishia hupelekwa dukani kununua blenda.

Turudi kwa ule msemo wa mota kuungua. Mota kuungua kupo, sikatai, na kuna dalili zake. Koili zikiungua nyumba nzima itajua: harufu ya vanishi iliyoungua, kali, inayoshika mapazia, pengine na moshi, pengine na sakiti breka kuruka. Kaboni zikiisha mambo huwa mengine. Kwanza mashine inapungukiwa nguvu. Halafu inakuwa na tabia za mtoto mtundu: inawaka, inazima, ukiigonga ubavuni inaamka. Matunduni unaona cheche za buluu zimezidi kuliko kawaida, na ukipangusa chini ya mashine kitambaa kinatoka na unga mweusi. Mwishowe, siku moja, unabonyeza na hakuna kitu. Kimya, bila harufu.

Kimya hicho ndicho alichokitumia kijana wa dukani kuihukumu mota yangu, na ndicho hasa kilichopaswa kumfanya asite. Ndani ya mota hii umeme una njia moja tu: unapita koili ya nje, unaingia kaboni ya kwanza, unazunguka kwenye amecha, unatoka kaboni ya pili, unarudi. Kaboni ikifupika hadi springi isiweze tena kuisukuma ikaigusa shaba, njia imekatika. Njia ikikatika hakuna umeme unaopita, na pasipo umeme hakuna kinachoungua. Naongeza kwa haki kwamba kimya kinaweza pia kuletwa na waya uliokatika kwenye plagi, na fyuzi ya joto iliyofunguka, au na kile kiswichi cha usalama kinachobonyezwa na jagi likikaa sawasawa. Vyote hivyo ni vitu vidogo, na hakuna hata kimoja kinachohitaji mota mpya, sembuse blenda mpya.

Hoja ya upande wa pili ninayoiheshimu kuliko zote ni ile isemayo: “Nilibadilisha kaboni, haikudumu hata mwezi.” Wanaosema hivyo hawasemi uongo. Nimewasikia wengi mno. Ila ukiwauliza ziliwekwa kaboni gani, hapo ndipo kisa kinapofunguka. Kuna mafundi wanaopasua betri kuukuu ya tochi, wanatoa ule mti mweusi wa katikati, wanauchonga kwa msasa hadi uingie kwenye nafasi ya kaboni, kisha wanakutoza kama wamekuwekea spea. Mti ule ni kaboni kweli, lakini ni kaboni ya kazi nyingine. Haukutengenezwa kwa kusuguliwa, hauna ule mkia wa waya laini unaopeleka umeme bila kupitia springi, hivyo springi yenyewe hubeba umeme, hupata moto, hulegea, cheche huzidi, na shaba huanza kuchimbika. Mwezi mmoja ni mwingi. Ukivaa kandambili za miguu miwili tofauti na ukajikwaa, huwezi kusema kandambili hazifai.

Wengine huweka kaboni halali lakini wanaiweka vibaya. Uso wa kaboni mpya ni bapa, na uso wa komyuteta ni mviringo. Vikikutanishwa hivyo hivyo vinagusana kwenye ukingo tu, na umeme wote unabanwa kwenye kijisehemu kimoja. Fundi anayejua kazi huvingirisha msasa laini juu ya komyuteta, upande wenye chenga ukiielekea kaboni, anauzungusha kidogo kwa mkono hadi kaboni ipate umbo la kulalia, anapuliza unga wote utoke, kisha anaiacha mashine izunguke tupu kwa muda kabla ya kuipa kazi. Anasafisha pia zile nafasi nyembamba baina ya vipande vya shaba kwa njiti ya kiberiti iliyochongwa, maana unga wa kaboni ukijaa humo umeme unaruka kutoka kipande hadi kipande. Na hapa niseme jambo ambalo hata mafundi wazuri hulikosea: rangi ya kahawia iliyoko juu ya shaba si uchafu. Ni utando unaojijenga kwa msuguano na unaoilinda shaba. Kuna watu wanaiparuza komyuteta hadi ing’ae kama bangili ya Bara Hindi, wakidhani wamefanya usafi, kumbe wamevua mashine nguo.

Kuhusu upatikanaji, nimeambiwa mara nyingi: “Spea za blenda hiyo haziko nchini.” Kaboni haiulizwi jina la blenda. Inaulizwa unene, upana na urefu, kwa milimita, na umbo la mkia wake. Chukua ile ya zamani, hata kama imebaki kipande, ipime upana na unene kwa rula, nenda na kipande hicho kwenye duka la hadiwea wanakouza spea za grenda na drili. Hukupata ya saizi ile ile? Chukua iliyozidi kidogo, ipunguze kwa msasa taratibu hadi iteleze ndani ya nafasi yake bila kukwama na bila kuchezacheza. Iliyopungua usichukue hata ukipewa bure. Itayumba, na kuyumba ni cheche. Badilisha zote mbili kwa pamoja hata kama moja bado ndefu.

Kisha watakuja na bei. “Kwa nini nihangaike, na mpya ni rahisi?” Rahisi kwa nani? Blenda nyingi za bei ya chini zinazojaza rafu leo zina koili za alumini, pengine iliyopakwa shaba juu ili imvunge mtazamaji. Alumini hupitisha umeme vibaya kuliko shaba, kwa hiyo kwa unene ule ule wa waya hupata joto zaidi. Ukiitoa blenda ya zamani yenye koili za shaba ukachukua mpya ya namna hiyo, umetupa dhahabu ukaokota bati. Wanaolijua hilo vizuri ni vijana wanaopita na mikokoteni wakinunua vyuma chakavu. Muulize mmoja wao atafanya nini na blenda uliyomuuzia kwa bei ya andazi: ataivunja plastiki, atatoa mota, atachambua shaba na kuiuza kwa kilo. Yeye anajua ndani mna mali, sisi tunaompa ndio hatujui.

Nao wimbo wa “hizi za Kichina haziko imara” hausaidii kitu hapa. Mashine ya Kijerumani yenye mota ya aina hii ina kaboni, ya Kijapani ina kaboni, ya Kimarekani inayouzwa kwa bei ya pikipiki kuukuu ina kaboni. Zote zitaisha. Kulalamikia ilikotoka mashine ni njia ya kutokufungua skrubu.

Hatari ya umeme sitaidharau. Blenda huchomolewa kwenye soketi kabla ya kuguswa bisibisi, plagi ikae mahali unapoiona, na jagi lenye kisu liwekwe mbali. Usijaribu kuisukuma mota kwa kidole ikiwa kwenye umeme, hata kama umemwona mtu akifanya. Asiyejiamini ampelekee fundi. Ila ajabu ni kwamba nchi hii mtu atapanda juu ya meza kubadilisha soketi iliyoungua, atarefusha waya wa feni kwa selotepu, halafu akiambiwa afungue blenda iliyochomolewa anaitaja hofu ya umeme.

Zipo blenda ambazo nami ningeziacha ziende. Ikiwa komyuteta imechimbika mifereji au kipande chake kimeinuka, kaboni mpya zitaliwa kwa wiki chache. Ikiwa bushi zimelika na shafti inatikisika ukiishika, tatizo limeshavuka kaboni. Ikiwa koili zimeungua kweli, kusuka upya mota ndogo kama ile mara nyingi hakulipi. Zile za kushika mkononi zilizogandishwa kwa gundi, bila skrubu hata moja, hizo ziliumbwa zife, na lawama ni ya aliyeziumba. Na siku hizi zinaingia zenye mota zisizo na kaboni kabisa. Sisemi kila blenda itapona. Nasema asihukumiwe mgonjwa ambaye hajavuliwa hata shati.

Hesabu kidogo itaonyesha nani anaumizwa zaidi. Nyumba inayotumia blenda dakika tatu kwa siku inaitumia saa 18 na kidogo kwa mwaka mzima. Dada anayeuza juisi pale kituoni, akiitumia saa mbili kwa siku kwa jumla, anafikisha saa hizo kwa siku tisa. Kaboni zako zinaweza kukaa miaka, za kwake zinahesabu miezi. Kwa hiyo yeye ndiye anayeambiwa mara nyingi kuliko wote kwamba mota imeungua, yeye ndiye anayenunua mpya mara kwa mara, na kwa kuwa mtaji ni mdogo hununua ile ya bei ya chini, ambayo humrudisha dukani upesi zaidi. Faida ya juisi yake inageuka kuwa mauzo ya blenda. Angekuwa na jozi mbili za kaboni kwenye droo, kama alivyo nazo mchomelea mageti jirani yake, angezibadilisha akachelewa kufungua kibanda kwa nusu saa.

Na kwa kuwa nimemtaja, nimwongezee moja: ageuze mashine yake asome kibandiko cha chini. Kwenye nyingi pameandikwa KB 1 min, au dakika nyingine chache. Maana yake ni kwamba mota hii ilipimwa kufanya kazi dakika hiyo moja kisha ipumzishwe ipoe. Sisi tunatia mbaazi kavu na karanga, tunabonyeza, tunakwenda kufungua mlango. Watu wa pwani tuna dhambi yetu ya pekee, ya kutia vipande vya nazi na maji kijiko kimoja tukitaka tui zito la mkupuo wa kwanza. Mashine inalia, inapata joto, kaboni zinalika kwa kasi, kisha tunasema ilikuwa mbovu. Ongeza maji, saga kwa vipindi, tui utalichuja.

Mtu anaweza kuniona nakuza jambo, vipande viwili vya kaboni nikavifanyia makala nzima. Lakini ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 kuhusu taka za umeme ilihesabu tani milioni 62 zilizozalishwa duniani mwaka 2022, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa vizuri hazikufika robo. Tani hizo hazitoki mbinguni. Zinatoka kwenye hukumu za nusu dakika, moja moja, mbele ya rafu. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka huo huo wa 2024 sheria ya haki ya kutengenezewa, ukataja mashine za kufulia, friji, vifyonza vumbi, simu. Blenda haikutajwa. Hata kule walikoamka, cha jikoni kimebaki nyuma.

Sisi hatuhitaji kusubiri sheria. Vyuo vyetu vya ufundi vinafundisha kusuka mota na kutengeneza stata za magari. Stata nayo ina brashi, na hakuna dereva wa daladala aliyewahi kuambiwa anunue gari jipya kwa sababu brashi za stata zimeisha. Wenye maduka wakiuza blenda kumi, wauze na jozi kumi za kaboni. Mafundi waache betri za tochi. Nanyi mnaonisoma, najua mnazo: ile iliyo juu ya kabati, ile iliyo uvunguni imefungwa kwenye kitenge, ile mliyosema mtampa mtu wa chakavu akipita. Ishusheni, muinuse. Kama hainuki vanishi iliyoungua, msimpe kwanza. Skrubu ziko chini ya vipira vya miguu.